Boma Si Neno la Mzungu. Kariokor Ndiyo.

Kila baada ya miezi michache ile posti inarudi. Mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba BOMA ni kifupi cha "British Overseas Management Administration", ati wakoloni walijenga ofisi zao wakazipa hilo jina, na babu zetu wakalishika bila kujua. Chini yake watu kibao wanaandika "kumbe!" na "hatukufunzwa hii shuleni". Kesho yake iko kwa grupu ya familia, grupu ya kanisa, na ile grupu ya wasee wa high school ambayo hakuna mtu huongea hadi kuwe na mchango.

Ni uongo. Na venye ni uongo wa kuchekesha, watu husema, "wacha tu, haimuumizi mtu." Mimi nadhani inaumiza. Ndio maana naandika hii yote, na ndio maana ni ndefu. Tafuta mahali ukae.

Tuanze na boma yenyewe. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha kitabu chake Through the Dark Continent. Mle ndani anatumia neno boma akimaanisha ua wa miti na miiba unaozunguka kambi. Mwaka 1882 kamusi kubwa ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf ilichapishwa London. Krapf alikuwa mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai miaka mingi akiokota maneno kwa wenyeji. Boma imo.

Sasa piga hesabu. Uingereza ilitangaza hii sehemu yetu kuwa himaya yake mwaka 1895. Hiyo ofisi ya "Management Administration" ilikuwa wapi mwaka 1878? Tena hata baadaye, hakuna idara ya serikali ya Uingereza iliyowahi kuitwa hivyo. Na kama bado hujashawishika, shuka hadi Bagamoyo au Mikindani, Tanzania. Wajerumani walijenga ngome zao huko na mpaka leo zinaitwa boma. Mjerumani, aliyekuwa anashindana na Mwingereza kila kona ya Afrika, aite ngome yake kwa kifupi cha Kiingereza? Kwa sababu gani, buda?

Lakini angalia hiyo hadithi inasema nini chini chini. Inasema kwamba babu yako aliishi miaka yote na ng'ombe wake na ua wake, lakini hakuwa na neno la kuuita. Akangoja Mzungu aje na faili ndio apate jina la kwake nyumbani. Hapo ndipo inaniuma. Tunaishare tukidhani tunamfichua mkoloni, kumbe tunamwongezea mali ambayo hata yeye hakuiba.

Vifupi vinavyojifanya historia

Huu mchezo wa vifupi ni wa dunia nzima. Utaambiwa "news" ni North, East, West, South. Si kweli. News ni new iliyowekwa kwa wingi, yaani mambo mapya, na ni basi. Utaambiwa "tip" ya waiter ni kifupi cha "to insure promptness". Hiyo pia ni ya kutungwa.

Kuna sababu rahisi ya kushuku vifupi. Tabia ya kuchukua herufi za mwanzo na kuzisoma kama neno moja la kawaida ilishika kasi karne ya 20, hasa kwa sababu ya vita na majeshi. Radar ni mfano halisi, imetoka kwa jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili. Neno likiwa la zamani kuliko hapo, halafu mtu akwambie ni kifupi, jibu lako la kwanza liwe: nionyeshe karatasi.

Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza. Neno lina tarehe, kama vile mtu ana cheti cha kuzaliwa. Kama lilikuwa linatumika kabla ya huyo anayedaiwa kulileta hajafika, kesi imekwisha.

Dagoretti na ladha ya hadithi tamu

Twende mtaani. Ukiwa Satellite, shuka na Naivasha Road mpaka uguse Ngong Road, uko Dagoretti Corner. Hapo utapata mtu wa kukwambia kwamba Dagoretti ni "The Great Retreat". Ati Wazungu walipigwa wakakimbia, wakaita mahali hapo Kukimbia Kukubwa, na Wakikuyu wakalisikia vibaya likawa Dagoretti.

Ni tamu, sitabisha. Na ina kiini cha kweli. Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, alijenga ngome hapo Dagoretti baada ya kuapishana udugu na Waiyaki wa Hinga. Lugard akaenda zake Uganda. Waliobaki wakaanza kusumbua wenyeji, uhusiano ukaharibika, na mwaka 1891 ngome ikaachwa. Kampuni ikajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Kwa hivyo ndiyo, Wazungu walitoka mbio.

Lakini jina ni mambo mengine. Lugard aliandika kitabu mwaka 1893, na mle anapaita Dagoreti, hivyo hivyo, kama jina la mahali. Huyu ni mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake. Kama ingekuwa "The Great Retreat", si angeandika "The Great Retreat"? Mwingereza hawezi kukosea kusikia Kiingereza chake mwenyewe. Tena ni jeshi gani duniani huita kituo chake kwa jina la siku lilipokimbia?

Hii ndiyo kanuni ya pili. Hadithi ya neno ikikufurahisha sana, ikague mara mbili. Ile ya boma inatupendeza kwa sababu inafichua siri. Hii ya Dagoretti inatupendeza kwa sababu inatupa ushindi. Lakini Waiyaki alipigana kweli. Alikamatwa mwaka 1892, akafia njiani Kibwezi akipelekwa Pwani. Hahitaji neno la kubahatisha ndio tukumbuke alifanya nini.

Na wakati tunabishana kuhusu Dagoretti, majina yenye hadithi za kweli tunayapita kwa mathree bila kuangalia. Nairobi imetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Kibera imetoka kwa Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia King's African Rifles, wakapewa hapo pa kukaa wakati kulikuwa bado na miti. Mzungu akaandika Kibera, nasi tukafuata. Siku hizi kwenye karatasi za uchaguzi eneo bunge linaitwa Kibra. Huo msitu umerudi kwa jina tu.

Neno hupanda gari gani?

Kanuni ya tatu ni njia. Neno haliruki tu hewani. Linabebwa na watu, na watu huacha alama.

Chukua shule. Uliza mtu yeyote Nairobi atakwambia imetoka kwa school. Hapana. Imetoka kwa Kijerumani, Schule, wakati Wajerumani walitawala Tanganyika. Ushahidi uko Zanzibar. Kisiwa kilikuwa chini ya Mwingereza, na huko mpaka leo watoto huenda skuli. Bahari moja katikati, wakoloni wawili, maneno mawili. Unaweza kuchora ramani ya ukoloni ukitumia begi la mtoto wa darasa la kwanza.

Chukua manowari, meli ya vita. Hiyo ni Kiingereza kitupu: man-of-war. Watu wa Pwani waliisikia kwa mabaharia wa Uingereza waliokuwa wakizunguka Zanzibar karne ya 19. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari hizo hizo zilipiga kasri la Zanzibar kwa mizinga, vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Neno lilikuja na kitu, na kitu kilikuja na moto.

Chukua kanjo. Kila mama mboga anaijua. Ni council tu, iliyopita kwa midomo ya watu wenye haraka ya kubeba nyanya na kukimbia. Council yenyewe serikali iliivunja. Tangu 2013 tuna county. Lakini ukisikia "kanjo!" hakuna mtu husimama kusahihisha, unatoroka.

Chukua bob. Hii naipenda sana. Bob ilikuwa jina la mtaani la shilingi huko Uingereza, tangu karne ya 18. Shilingi ilifika huku mwaka 1921 na bob ikaja nayo. Halafu Februari 1971 Uingereza ikabadilisha pesa zake, shilingi ikatupwa, na bob ikabaki ya wazee na filamu za zamani. Leo kijana wa London hajawahi kulipa kitu bob ishirini. Wewe umelipa asubuhi hii. Mahali bob bado inafanya kazi kila siku ni hapa kwetu, kwa hivyo kama kuna mtu anaweza kusema hilo neno ni lake kwa haki ya kulitumia, ni konda wa 46.

Na kuna tarmac. Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, aliyekufa 1836, alibuni njia ya kujenga barabara kwa mawe madogo yaliyoshindiliwa. Watu wakaziita barabara hizo macadam. Mwaka 1902 Mwingereza Edgar Purnell Hooley akasajili ubunifu wake wa kuchanganya mawe na lami, tar, na hiyo ikawa tarmac. Huko kwao ni nomino, ni lami, imelala chini. Sisi tuliiamsha tukaifanya kitenzi. Kutarmac ni kuzunguka tao na bahasha ya vyeti mpaka soli ya kiatu iishe. McAdam alijenga barabara ya kupitisha magari. Hakuwahi kufikiria barabara ambayo mtu anaipitia kila siku na haimfikishi popote. Mimi niliacha chuo katikati, na nina marafiki waliomaliza na First Class, na wote tunakutana kwa hilo neno moja.

Watu husema sisi "tunaharibu" Kiingereza. Lugha haiharibiwi na watu wanaoipa kazi. Mwaka 2022 Oxford English Dictionary iliongeza kundi kubwa la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo nyama choma na sambaza. Safari, ambayo sisi tuliipata kwa Kiarabu, iliingia Kiingereza kupitia Kiswahili zaidi ya miaka 150 iliyopita. Ule mchezo wa vipande vya mbao, Jenga, ulipewa jina na Leslie Scott, mama aliyezaliwa Tanzania na kukulia Afrika Mashariki, akauzindua London mwaka 1983. Ni "jenga" tu, ile ya fundi.

Hata Satellite. Kwa Kilatini satelles alikuwa mlinzi, wale vijana wanaotembea nyuma ya mheshimiwa. Galileo alipoona miezi ikizunguka Jupiter mwaka 1610, Johannes Kepler akaiita hivyo, kama walinzi wa mkubwa. Baadaye mitambo inayoizunguka dunia ikarithi jina, nasi tukasema setilaiti. Kwa hivyo ukishuka stage ya Satellite, unashuka kwa mabodigadi. Na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka kituo cha Waitaliano cha San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa Jamhuri Dei. Wakaipa jina Uhuru. Ndiyo ilisaidia wanasayansi kutambua Cygnus X-1, kitu walichokuja kukubali kuwa shimo jeusi. Neno letu lilienda juu kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa, na hakuna posti inayozunguka kuhusu hilo.

Sasa Kariokor

Nimeiacha mwisho kwa sababu ni nzito.

Kwa mtazamo wa haraka, Kariokor inafanana na Dagoretti. Neno la Kiingereza, ati lilisikika vibaya, likawa jina la mtaa. Tofauti ni kwamba hii ni kweli, na inapita kila kipimo.

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Waingereza wa huku walienda kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Shida ikawa usafiri. Ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na barabara hazikuwepo. Nani abebe risasi, unga na maji? Wakaunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Mwanzo waliandikisha kwa ahadi za mshahara. Mwaka 1915 wakatunga sheria ya kuchukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 wakafanya msako mkubwa kuliko yote, vijiji vikabaki na wazee na wanawake. Umri wao ulikuwa wako na wangu.

Kambi yao Nairobi ilikuwa pale Kariokor ilipo leo. Na kwa nini tuna uhakika? Kwa sababu Waingereza walipoteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi walipiga kambi huko pia, na mahali hapo panaitwa Kariakoo. Miji miwili, nchi mbili, kambi za kikosi kimoja, jina moja. Ukiwa na mashahidi wawili ambao hawakukaa pamoja kupanga uongo, unaamini.

Halafu sikiliza hilo jina lilivyo. Kiingereza huandika corps lakini husema "koo". Herufi p na s hazitamkwi. Mtu aliyejifunza neno kwa kusoma angesema "kopsi". Kariakoo ni sauti kamili. Hilo neno halikutoka kwa kitabu. Lilitoka kwa mdomo wa afisa akipiga kelele, likaingia kwa sikio la mtu aliyesimama kwenye mstari na mzigo kichwani.

Na maneno yenyewe, ukiyafungua, yanasema mengi. Carry imetoka kwa carrus, Kilatini cha gari la kukokotwa, na ndiko car ilikotoka. Kwa hivyo carrier ni mtu aliyefanywa gari, na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu ng'ombe wa kuvuta magari walikuwa wamekufa. Corps imetoka Kifaransa, na nyuma yake ni corpus ya Kilatini, yaani mwili. Kiingereza kina neno jingine kutoka mzizi huo huo: corpse. Maiti. Tofauti ni herufi moja.

Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wengi zaidi ya waliopigwa risasi. Hesabu rasmi za wakati huo zenyewe zinapita wapagazi 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Wengi hawakupewa kaburi lenye jina. Aprili 2021, zaidi ya miaka mia baadaye, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba msamaha. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Askari Mzungu alipata jiwe lake na jina lake. Mpagazi alihesabiwa kwa jumla, kama magunia.

Kwa hivyo hilo jina la soko ndilo walilobaki nalo. Unaenda Kariokor Jumapili kula nyama choma, unanunua kiondo, unapiga picha, na kila ukitaja mahali ulipo unataja kikosi chao. Hakuna mtu aliketi kamati ya kuwakumbuka. Watu wa kawaida walisema tu "naenda Kariokor" siku baada ya siku kwa zaidi ya miaka mia, na jina likakataa kufa.

Ndio maana hizi hadithi za uongo zinanikera. Tunazo nafasi chache za kusikiliza. Ukijaza masikio na BOMA ya vifupi na Great Retreat, ukifika Kariokor utadhani ni ile ile tu, stori ya kuchekesha ya Waafrika kukosea Kiingereza. Hao vijana hawakukosea. Walisema neno sawasawa kuliko lilivyoandikwa.

Siku ukiwa tao, pita Kenyatta Avenue kwa lile sanamu la watu watatu lililozinduliwa mwaka 1928. Watu wengi hulitumia kama mahali pa kukutania. Mmoja kati ya hao watatu hana bunduki ya vita, ni mpagazi. Simama dakika moja. Halafu ukirudi home, uliza cucu au guka kama kuna mtu kwenu aliyeenda Kariokor akakosa kurudi. Familia nyingi zina mmoja. Ukipata jina lake, liandike mahali, na hilo ndilo utushare.